Kopo la Senene

Kufika Jumamosi jioni kopo lilikuwa limebaki nusu, na Demetria hakuona aibu hata chembe. Aibu ilimjia Jumapili, baada ya misa, alipokumbuka kwamba mwenye kopo anafika saa kumi.

Mwenye kopo alikuwa Ansbert, karani wa serikali, mtu wa kwao Bukoba. Miaka miwili sasa alikuwa akija Temeke kila Jumapili kwa baiskeli, kutoka Kinondoni, akipanda pale barabara inapokubali na kuisukuma pale mchanga unapokataa. Majirani walishamzoea hata wakamfanya saa. Akipita na shati lake jeupe lililoganda mgongoni kwa jasho, mtu humwambia mwenziwe, "Yule bwana wa mwalimu keshapita, hebu teleka maji ya chai." Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na ya hawa wawili yalikuwa yakikohoa mtaa mzima.

Alhamisi iliyopita hakungoja Jumapili. Alikuja jioni na barua mbili, kitabu kimoja na kopo moja. Barua ya kwanza ilitoka kwa wakubwa zake: amehamishiwa bomani Bukoba, aondoke kwa treni ya Jumanne. Ya pili ilitoka kwa mama yake mzazi, mjane, kwa mwandiko wa katekista maana mama hakujua kuandika. Na kopo lilikuwa kopo la kawaida la majani ya chai, limeviringishwa kwa maganda makavu ya mgomba na kufungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Ndani yake walijaa senene.

"Mama anasema uniandalie," alisema Ansbert, akizungusha kofia mikononi. Ilikuwa tabia yake, akiwa na neno zito huishika kofia ukingoni na kuizungusha kama anayetafuta mwanzo wake. "Jumapili nakuja kula. Na jibu langu utanipa hapohapo."

Jibu lenyewe lilihusu mambo mawili, na shida yote ilikuwa hapo. Kuolewa na Ansbert, hilo Demetria alilijibu moyoni zamani, siku ile alipomwona akimenyea chungwa mtoto wa jirani, ganda likatoka lote bila kukatika. Kurudi Bukoba ndiko kulikomkaa kooni. Miaka saba iliyopita alipanda meli, akashuka Mwanza, akapanda treni, na tangu siku hiyo alikuwa na wimbo mmoja tu: kwetu sirudi. Alifundisha darasa la pili katika shule ya misheni, alikuwa na chumba chake na cherehani yake, na mtu akimwuliza habari za kwao husema kuna ndizi nyingi na mvua nyingi, basi.

Kwa msomaji asiyewajua, senene ni panzi wa kijani wanaoshuka kule msimu wa mvua, wengi hata huwezi kuona mbele yako. Katika kijiji cha akina Demetria kazi ilikuwa ya wanawake. Wao waliamka na ukungu kuwakamata, wao waliwanyonyoa mbawa na miguu mpaka kucha zikawauma, wao waliwatia chumvi na kuwakausha. Kula, walikula wanaume. Mwanamke haonji. Msichana anayeposwa hupewa senene awatunze na kuwaandaa, na mama mkwe mtarajiwa hapotezi muda kuulizia uzuri wake wala ukoo wake. Huuliza tu kama kopo lilirudi pungufu.

Kwa hiyo Demetria alipokabidhiwa lile kopo alijua vizuri amekabidhiwa nini.

Na kitabu je? Kitabu kilikuwa chembamba, cha Kiswahili, jalada la kijani, kimetungwa na mtu wa hukohuko kwao ambaye hakuna kati yao aliyemjua. Ansbert alikitoa mfukoni kwa majivuno kidogo. "Kisome hiki. Hadithi tamu. Utaipenda kwetu tena."

Demetria alikisoma kwa sauti siku tatu mfululizo, kuanzia jioni ileile, kwa sababu nyumba aliyopanga ilikuwa ya Bi Zuena, na Bi Zuena hakubali kitabu kisomwe kimyakimya nyumbani kwake. Bibi huyu alizaliwa Mtoni, wazazi wake wa Mtoni, na makaburi ya babu zake yako Mtoni. Msahafu alihitimu akiwa mtoto, ila herufi za shule hawakuwahi kujuana nazo. Basi yeye huchambua mchele ukumbini, na Demetria husoma.

Hadithi ilikuwa ya binti mmoja, Koku, mkaidi wa kuzaliwa. Koku anaolewa nyumba njema, anashindwa kujizuia, anakula senene wa mumewe. Mama mkwe anamfumania. Koku anarudishwa kwa baba yake, analia kurasa kumi, anatubu, anarejeshwa, na hadithi inaishia amekaa mkekani mikono mapajani, mumewe anakula, naye anamtazama kwa furaha.

"Furaha ya nini?" aliuliza Bi Zuena siku ya kwanza. "Mtu anatazama mwenziwe anatafuna panzi, anafurahi?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Bi Zuena."

"Haya, kesho kirudie. Wallahi huyo mama mkwe nampata nampiga kwa ungo."

Siku ya kwanza Demetria alisoma kwa hasira, mpaka mwisho. Aliwakuta wote mle, watu wale aliowakimbia, wamepigwa chapa. Siku ya pili, alipokirudia, hasira ikachoka. Mtunzi yule, pamoja na mahubiri yake, alikuwa na macho. Aliandika jinsi moshi wa asubuhi unavyokaa juu ya paa la nyasi bila kupanda. Aliandika nyasi mbichi zinazotandikwa ndani mgeni anapotarajiwa, na punje za kahawa anazopewa atafune kabla hajaulizwa shida yake. Demetria alijikuta akisoma polepole. Alikuwa amesahau kwamba kwao mtu haulizwi shida kwanza.

Kisha Jumamosi akafika ukurasa wa arobaini na moja. Ulikuwa ukurasa wa mama mkwe, yule mbaya, akiwa peke yake jikoni kabla ya kumfumania Koku. Sentensi moja tu ndiyo iliyomsimamisha. Demetria aliisoma, akanyamaza. Bi Zuena akamwambia aendelee, akaisoma tena, akanyamaza tena.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, Bi Zuena. Nimekumbuka mlango."

Aliweka kitabu, akaingia chumbani, akafungua lile kopo na kuanza kula. Alikula akiwa ameketi kitandani, kopo magotini. Walikuwa na mafuta na chumvi na moshi kidogo, na wakivunjika mdomoni vilevile alivyodhani miaka yote. Alipokuja kushtuka, nusu haipo.

* * *

Saa kumi juu ya alama baiskeli iliegeshwa barazani.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mchumba wako huyo ukumbini, anajifanya anashona."

Kweli Demetria alikuwa anajifanya. Sindano ya cherehani haikuwa na uzi. Alimtazama Ansbert akivua kofia mlangoni na kuinama kidogo, kwa sababu fremu ile ilikuwa imeshamgonga mara mbili, na moyo wake ukafanya ulichokuwa ukikifanya kila Jumapili. Alimpenda. Alimpenda na pengo lake la mbele na kola yake aliyoipiga pasi mwenyewe. Jumanne alikuwa anaondoka, na huenda ikawa ndiyo mara ya mwisho anainama mlangoni pale.

"Umependeza," alisema Ansbert.

"Kaa. Kuna chai."

"Chai baadaye. Tangu asubuhi sijala, nimejitunzia." Alikwishaliona kopo mezani. Alilivuta, akafungua kifuniko, akatabasamu, kisha tabasamu likapungua kidogokidogo. "Wengine uliwaweka kwenye chombo kingine?"

"Hapana."

"Wako wapi?"

"Nimewala."

Ansbert alicheka, akamgeukia Bi Zuena aliyekuwa amekaa na ungo wake pembeni, bila dalili yoyote ya kutaka kuwapisha. "Mama, ni wewe?"

"Mie?" Bi Zuena aliweka mkono kifuani. "Mie nile wadudu wa watu? Nzige ni halali, sheikh katuambia, lakini halali si lazima. Mwulize mwenzio."

"Nimekula mie, Ansbert. Jana. Kwa mkono huu."

Kofia ikaanza kuzunguka. Ilizunguka mara ya kwanza na ya pili, na jogoo wa nyumba ya pili akasikika akiparura.

"Unajua mama ataniuliza," alisema mwishowe.

"Najua. Mwambie."

"Nimwambie nini? Demetria, sikiliza. Mie binafsi sina neno. Hapa Dar es Salaam ungekula kopo zima na mie nikakununulia soda ya kusukumia. Lakini kule ni kule. Kuna mama, kuna baba mdogo, Ta Adelard, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilitaka siku moja tu niweze kusema, kopo hili hapa, zima. Siku moja! Baada ya hapo tungeishi tunavyotaka."

"Tungeishi wapi tunavyotaka? Nyuma ya mlango?"

"Watu wote huishi nyuma ya mlango."

"Wewe umeshawahi kula senene nyuma ya mlango?"

Ansbert akasogeza kiti. "Kitabu nilichokupa ulikisoma?"

"Mara mbili."

"Na hukujifunza kitu?"

"Nimejifunza. Ndiyo maana nimekula."

"Yarabi!" Bi Zuena alisema chinichini, akitikisa ungo.

Ansbert alikuwa mpole, lakini mpole naye ana kikomo, na watu wengi wakifika kikomoni hushika methali kama fimbo. "Mkataa kwao mtumwa, Demetria. Miaka saba hujakanyaga kwenu. Barua za mama yako huzijibu mistari mitatu. Nakuletea kitu cha kwetu, nakuletea hadithi ya kwetu, unavigeuza silaha unipigie."

Maneno yale yalimchoma, hasa ile mistari mitatu, kwa kuwa ni kweli. Macho yalimjaa machozi, lakini sauti yake ilibaki palepale. "Nani kakataa kwao? Kitu cha kwetu nimekila, Ansbert. Wewe ndiye unayeniambia nisikile."

Bi Zuena akasonya, si kwa mmoja wao, kwa hali yenyewe.

"Chukua kitabu," alisema Demetria. "Ukurasa wa arobaini na moja. Tusomee."

"Sasa hivi?"

"Ulisema hadithi tamu. Tusomee."

Alisoma kama karani anavyosoma waraka, haraka haraka. "'Mama mkwe aliwanyonyoa mmoja mmoja. Alipokwisha kutia chumvi akalamba kidole, akapangusa mdomo kwa pindo la nguo, kisha akapaza sauti kumwita mumewe aje kula. Koku alikuwa angali kisimani...'"

"Rudia. Polepole."

Alirudia. Safari hii alipofika kwenye pindo la nguo alipunguza mwendo mwenyewe, ila akajikaza. "Kalamba kidole. Basi? Hadithi tu hiyo, mtunzi kajazia."

"Mtunzi hata hakuona alichoandika. Kaandika, kapita, kaenda kumwadhibu Koku. Lakini alikiona mahali, Ansbert. Kitu kama hicho mtu hakitungi. Kuna mama alimwona."

"Labda."

"Barua ya mama yako unayo?"

Alikuwa nayo mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Aliitoa kwa shingo upande.

"Soma anaposema habari za senene."

"'Mwanangu, nakuletea senene wa msimu huu, nimewatengeneza mwenyewe. Mwaka huu chumvi imekolea vizuri kuliko mwaka jana. Mpe huyo binti...'" Akasita.

Demetria alimsubiri. Alikuwa ameigundua sentensi ile tangu Alhamisi aliposomewa, lakini hakuielewa mpaka alipofika ukurasa wa arobaini na moja. Sasa alimtazama Ansbert akiielewa, na ilimwuma kumtazama.

"Marehemu baba alifariki lini?" aliuliza kwa upole.

"Mwaka wa arobaini na tisa."

"Nyumbani yuko nani mwanamume?"

"Hakuna. Mama yuko peke yake."

"Chumvi nani kaionja?"

Macho ya Ansbert yalirudi kwenye barua.

"Na ya mwaka jana?"

Ansbert aliweka barua juu ya kitabu, akainyoosha kwa kiganja ingawa haikuwa na mkunjo mpya. Alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. "Alikuwaga akisukutua. Kila akituletea kahawa, baba na mie, baada ya kula. Tulikuwa tunamsikia nyuma ya nyumba akisukutua mdomo kwa maji, kisha anakuja na kahawa. Mie miaka yote nilidhani ni usafi. Nikijisifia shuleni, mama yangu msafi."

"Ni usafi pia," alisema Bi Zuena. "Usimpokonye."

Kwa mara ya kwanza alasiri ile Demetria alicheka, na chozi moja likaponyoka hapohapo. Alivuta kiti akakaa karibu na Ansbert, magoti yakakaribia kugusana.

"Sasa nikwambie la kwangu," alisema. "Sijamwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama anakaanga, mie namsaidia. Nikachukua watatu nikatia mdomoni. Mama akaninasa kofi, Ansbert, kofi lile bado nalisikia kwenye sikio hili. Mama yangu ambaye hakuwahi kunipiga. Nikasema huyu anapenda panzi wa baba kuliko mie. Nimekua na neno hilo, nimepanda nalo meli, nimekuja nalo mpaka Temeke. Kila mwanamke wa kule niliyemkumbuka nilimkumbuka na uso wa mama wa siku ile."

"Na jana?"

"Jana nikasoma hapo, nikauona mlango. Bibi, mama yake baba, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Nilimwona siku ileile, ila sikumtia maanani, nilikuwa nalia. Alikuwa amesimama pale anatutazama. Mama aliniwahi kwa kofi lile kabla yake. Mpaka naondoka kwetu, mama yangu hakurudishwa kwao, na mie sikuitwa mtoto wa mwizi." Alipumua. "Halafu kuna jani. Baadaye nilikwenda kisimani, mama akanifuata njiani, akanitilia mkononi kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakusema kitu. Nilikuwa na hasira. Nilidhani ni ndizi ya kuchoma ya kunibembeleza. Nikalitupa migombani bila kulifungua."

Ansbert aliunyoosha mkono wake juu ya meza, akaufunika wa Demetria, mbele ya Bi Zuena na ungo wake, jambo ambalo miaka miwili hakuwahi kulithubutu.

"Kilikuwa nini?" aliuliza.

"Sijui. Ndilo linalonirudisha kwetu. Nataka kumwuliza."

"Unarudi?" Mkono ulikaza.

"Kwa mama yangu. Shule inafungwa Ijumaa. Nitapanda treni ya wiki ijayo. Kwako bado."

Mkono ukalegea. "Bado nini tena? Nimekusikia. Nimeelewa. Kula, kule na hapa, sitasema neno."

"Kusamehewa sitaki. Chukua kopo hili urudi nalo. Limetoka kwa mama yako, limfikie mama yako. Ingia jikoni kwake, ukae chini, ule naye."

"Demetria!" Alitazama kando kama vile Ta Adelard yuko nyuma ya pazia. "Kwetu mwanamume haingii jikoni."

"Na mwanamke hali senene."

"Nitamwaibisha. Miaka hamsini amelificha, mie nikamvue nguo na uzee wake?"

Neno hilo Demetria alilifikiria, maana lilikuwa neno la mtoto anayempenda mama yake. "Usimwambie kwamba unajua. Usimwulize lolote. Kaa tu, fungua kopo, weka katikati yenu, uchukue mmoja, usukume kopo upande wake. Akikataa, amekataa. Utakuwa umemfungulia mlango."

"Na Ta Adelard akisikia?"

"Atasikia."

Kofia ilikuwa sakafuni, hakuna cha kuzungusha. Ansbert alijikuna kidevu. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye kalamu mbili mfukoni. "Naogopa," alisema.

Demetria alikuwa amelelewa na kufundishwa na wanaume wa kwao, na hakuwahi kumsikia hata mmoja akilitamka neno lile. Kama Ansbert angeahidi kwa kifua mbele asingemwamini. Kwa woga wake alimwamini, na akatamani kumkumbatia palepale, lakini kulikuwa na Bi Zuena.

"Hata mie naogopa," alisema. "Tutaogopa wote, wewe jikoni kwa mama yako, mie jikoni kwa wangu. Ukishakula naye, njoo uniposee kwetu, njoo na Ta Adelard, njoo na punje zenu za kahawa, utanikuta. Hukula naye, usije. Na sitakuuliza. Nitamtazama mama yako usoni, nitajua."

"Na wakikuletea kopo jingine wakujaribu?"

"Litarudi pungufu. Wazoee."

Ansbert alicheka kwa pumzi, akatikisa kichwa, akaliangalia kopo. "Hawa watatosha?"

"Mama yako atakula wangapi? Mmoja anatosha."

Bi Zuena aliweka ungo chini. "Hebu nipeni na mie mmoja."

Wote wawili wakamgeukia.

"Mnatazama nini? Siku tatu nasomewa panzi, leo watu wanataka kuachana kwa ajili ya panzi, mie sijui hata wana ladha gani. Lete hapa." Alimchukua kwa ncha za vidole, akasema bismillahi, akafumba macho. Alitafuna. Akafumbua jicho moja. Akatafuna tena, polepole zaidi, akanyoosha mkono kutaka mwingine.

"Loo," alisema. "Kumbe wanaume wenu wana akili."

* * *

Demetria alimsindikiza mpaka njia panda, kopo limefungwa kwa kamba yake ileile nyuma ya baiskeli. Jua lilikuwa bado kali na mtaa mzima uko nje, kwa hiyo waliagana kama watu wanaotazamwa. Ansbert alimpa mkono, akachelewa kuuachia.

"Kitabu baki nacho," alisema. "Mie nimekisoma vibaya."

"Hukukisoma vibaya. Ulikisoma kama mtunzi alivyotaka."

"Utanikumbuka wiki nzima?"

"Nimekukumbuka tangu ulipofungua kopo. Nenda."

Alikwenda. Alisukuma baiskeli mchangani, mara mbili akageuka, na mara ya pili Demetria akapunga mkono mbele ya watu wote. Aliporudi alimkuta Bi Zuena barazani, amechomekea khanga, anasubiri habari kama haki yake.

"Sasa mwanangu, unaolewa au huolewi? Mie nimesikia yote na bado sijui."

"Nakwenda kumwuliza mama kitu kwanza."

"Habari ya jani." Bi Zuena alitikisa kichwa. "Miaka mingi hiyo. Watoto wangapi kawalea, majani mangapi kafunga. Na asipokumbuka?"

Demetria alipita ukumbini akatoka uani, Bi Zuena nyuma yake, kwenye mgomba mmoja mwembamba aliouotesha mwaka aliohamia, ambao haujawahi kuzaa. Alikata jani, akalipitisha juu ya moto wa jiko la mkaa mpaka likalainika, akalitandaza juu ya goti. Kisha akafungua fundo la khanga yake. Mlikuwa na senene kama ngumi moja, aliowatenga kabla Ansbert hajafunga kopo.

Aliwaweka katikati ya jani, akakunja pande zote nne, akafunga.

"Asipokumbuka," alisema, "atafungua hili."